Risasi ya kwanza ya shotigani: usigeuke nyuma

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kazi yangu ni kufundisha watu kutumia bunduki ya marisau, hii tunayoiita shotigani, na wanafunzi wangu wengi ni vijana wa kampuni za ulinzi wanaolinda mahoteli na maghala, pamoja na wasasi wa mashamba, wale wanaokuja kuitwa pale nguruwe na tumbili wanapomaliza mihogo ya watu. Leo nnaandika kwa yule ambae hajawahi kuigusa kabisa, kaambiwa wiki ijayo aende uwanjani akapige kwa mara ya kwanza, na usiku hapati usingizi anafikiria bega lake litakuwaje.

Nianze na hilo bega maana ndio wote wanaloniuliza. Litauma kidogo, ndio, ila silo linalonitisha mimi. Mimi nnaogopa zile sekunde tatu nne baada ya mlio. Mtu akipiga mara ya kwanza mwili wote unasisimka, anacheka, anatafuta mtu wa kumuonesha, basi anageuka, na akigeuka anageuka na bunduki yake mkononi, mtutu unazunguka nae unapita kwenye vifua vya wenzake waliokaa benchi nyuma wanasubiri zamu. Hana ubaya wowote, ana furaha tu.

Nshawahi kuwa na kijana mmoja mlinzi, tulimpa shotigani ya pampu, ile ya kuvuta mshikio ulio chini ya mtutu ili katriji (yaani risasi yake) nyengine iingie, ina katriji tatu ndani, alipopiga ya kwanza akaivuta pampu palepale bila hata kufikiri kama alivyoona kwenye filamu, maana yake ya pili ishaingia tayari chumbani, pale nyuma ya mtutu inapokaa katriji ya kupigwa, halafu akanigeukia kidole kiko ndani ya triga anasema "mwalimu umeona?" Niliudaka mtutu nikausukuma juu. Hakuna aliyeumia alhamdulillahi, lakini siku ile nililala nimechoka sana, na tokea hapo kwangu mimi mwanafunzi mpya anatiliwa katriji moja tu kwa kila mpigo. Bunduki inakula tano, au saba, haijalishi, ni moja. Akishapiga hiyo hata akisahau kila kitu nilichomfundisha, ana chuma kitupu mkononi. Kwa hiyo ukienda uwanjani na ukaona unajaziwa nyingi siku ya kwanza, sema kwa adabu kabisa "naomba nianze na moja", hiyo ni haki yako.

Na ukiweza kuchagua, anza na ile inayokunjika katikati, sio pampu. Ile ikikunjwa kila mtu uwanjani anaona matundu, hakuna ubishi kama imejaa au tupu. Pampu na otomatiki zinaficha.

Sasa tuielewe yenyewe. Shotigani haitoi risasi moja kama bunduki za askari, inatoa chembe nyingi za marisau kwa pamoja. Katriji ya kawaida ya mazoezi ina gramu 24 au 28 za marisau, na hiyo ya gramu 28 yenye chembe za milimita mbili na kitu ndani yake utahesabu chembe mia tatu na zaidi, zinatoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Ile namba 12 mnayoisikia ni kipimo cha upana wa mtutu, na asili yake ni ya zamani: ukichukua ratili moja ya risasi, yaani ile madini, ukaigawa vigololi 12 vya duara, kimoja kinaenea sawasawa kwenye mtutu, ambao ni kama milimita 18 na nusu. Ndio maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, watu wengi wanadhani kinyume.

Na hapa pana mtego mbaya. Katriji ya namba 20 ukiitia kwenye bunduki ya namba 12 haikai mahala pake, inateleza inakwenda kukwama mbele kidogo ndani ya mtutu, ukichungulia chumbani unaona patupu, unatia ya namba 12 nyuma yake, unapiga, mtutu unapasuka mbele ya uso wako. Ndio maana viwanda vingi vinaipaka namba 20 rangi ya manjano. Usichanganye mfukoni hata siku moja.

Watu husema shotigani hailengwi, unaelekeza tu inafagia. Si kweli. Marisau yanatoka yakiwa fungu moja, mita tano mbele fungu bado ni kama ngumi tu, unaweza kumkosa nguruwe ukabaki unashangaa. Yanazidi kutawanyika kadiri yanavyokwenda, na kwa ndege au kisahani cha kurushwa hewani mita 30 mpaka 40 ndio mwisho wa kazi yake ya maana. Lakini usije ukadhani yanaishia hapo, hizo chembe ndogondogo zinaweza kufika mita 200 zikamtoboa mtu jicho, na zile kubwa zinapita mbali zaidi.

Kwa sisi visiwani hili lina uzito wake. Ukipiga kuelekea baharini fikiria ngalawa. Huko uwandani kwenye mawe ya matumbawe marisau yanagonga jiwe yanarudi, kwa hiyo shabaha iekwe mbele ya tuta la udongo au mchanga, sio mbele ya jiwe. Na msimu wa karafuu, jamani nyie wasasi, tumbili yuko juu ya mti lakini na mchumaji yuko juu ya mti wa jirani, humuoni kwa majani, na mara nyingi ni mtoto wa mtu. Usinyanyue mtutu kwenye mikarafuu wakati watu wanachuma, hata tumbili akupigie kelele vipi. Kima punju na paa nunga ndio kabisa msiwaguse, wanalindwa. Na wale popo wa Pemba, wazee wanakumbuka walivyowindwa mpaka kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wakabaki wachache wa kuhesabika, leo wapo kwa maelfu kwa sababu watu wa vijiji kama Kidike waliamua kuwalinda, tusije tukarudi kule.

Haya, umefika kwenye mstari. Masikio yamezibwa? Mlio wa shotigani unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja tu unatosha kulidhuru sikio moja kwa moja, na sikio likishakufa halirudi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipigishwa na ami yangu shamba, nipo skuli bado, bila kitu masikioni, sikio la kushoto likalia siku mbili. Ami alikuwa ananipenda, hakujua tu. Vaa vizibio, vaa na miwani.

Mguu wa kushoto mbele kama unatumia mkono wa kulia, goti lilegee kidogo, kifua kiiname mbele. Woga unawafanya watu walale nyuma kama anaekimbia moto, na ukilala nyuma bunduki inakupindua. Kitako kikae kwenye lile bonde kati ya bega na kifua, ukivute kabisa mpaka kibane, pasiwe na nafasi, kwa sababu kinachoumiza ni ule ugongaji, bunduki iliyo mbali kidogo inapata mwendo kabla haijakufikia wakati iliyobana inakusukuma tu. Shavu liegemee kwenye mti wa kitako. Bunduki nyepesi inapiga kwa nguvu zaidi kuliko nzito, kwa hiyo asije mtu akakwambia wewe mwanamke au mwembamba chukua hii nyepesi, hapana, chukua namba 20 yenye uzito wa kutosha au namba 12 na katriji za gramu 24.

Kidole kikae nje, ubavuni, mpaka uwe tayari. Sefti, ile kufuli ya kuzuia triga, ni chuma na chuma kinaharibika, usiikabidhi roho ya mtu. Shabaha ya kwanza iwe imesimama, karatasi au kifuu mita kumi na tano. Visahani vya kurushwa, vile vya upana wa milimita 110 vinavyotumika kwenye Olimpiki, vije siku nyengine. Hivyo ndivyo alivyokuwa akivivunja Sheikh Ahmed Al Maktoum wa Dubai mwaka 2004 kule Athens alipowapatia Imarati dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki, na siri ya visahani ni moja, jicho linakaa kwenye kisahani na mikono haisimami hata baada ya kufyatua.

Ukifyatua ikasema "tik" tu, usiikunje. Mtutu ubaki mbele, hesabu mpaka thelathini taratibu, maana baruti nyengine inachelewa kushika. Na ikitoa mlio mdogo usio wa kawaida, simama, toa katriji, mwalimu achungulie mtutu kabla ya nyengine. Hilo hilo ukianguka ukauchomeka mtutu kwenye mchanga.

Siku ya kwanza katriji ishirini zinatosha, zikizidi bega linaanza kushtuka kabla ya mlio na huo mshtuko ukishaingia kuutoa ni kazi. Osha mikono kwa sabuni kabla hujala chochote, yale marisau ni madini ya sumu. Bunduki ifutwe mafuta jioni ile ile, chumvi ya hewa yetu haisubiri kesho.

Yule kijana wa pampu alirudi. Alipiga moja, akabaki anatazama mbele, akafungua chumba, akachungulia, akatia kidole kuhakikisha, akaieka mezani mtutu ukiangalia tuta, ndio akageuka akaniuliza imepata.