Siku Firefox ilipohama kutoka deb kwenda snap

"Fundi, kompyuta inaniambia zimebaki siku 13. Siku 13 za nini?"

Mwalimu aliyeniuliza hivyo alikuwa hajaigusa mashine yake tangu asubuhi. Alidhani siku zikiisha itajifunga na kazi zake zote ndani. Nikainama nikasoma. Ujumbe uliokuwa juu ya skrini ulimwomba afunge kivinjari cha Firefox ndani ya siku hizo ili kisasishwe, basi. Miaka yote aliyotumia Ubuntu, mfumo endeshi wa mashine zile, hajawahi kuombwa hivyo, na hakuna aliyemweleza kwamba wiki ile kivinjari chake kilikuwa kimeondolewa na kuwekwa kingine chenye jina lilelile. Mimi ndiye niliyepandisha maabara ile kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04. Wa kumweleza nilikuwa mimi.

Deb na snap ni njia mbili za kufungasha programu za Ubuntu. Tuanze na tofauti yenyewe. Kifurushi cha deb ni kama gunia la vyombo vya mtu anayehamia nyumba yenye jiko tayari: programu ya usakinishaji, dpkg, hulifungua na kupanga kila kitu mahali pake, na maktaba za msimbo hutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Snap haifunguliwi. Ni faili moja lililobanwa, hupachikwa kwenye mfumo likiwa zima, la kusomwa tu, na hubeba lenyewe sehemu kubwa ya inavyohitaji. Tena huzungushiwa ukuta, programu ikaona yale tu iliyoruhusiwa kuyaona.

Sababu ya Ubuntu kuhama naikubali. Firefox hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 4 hivi, na kuliunda upya kwa kila Ubuntu iliyo hai ni kazi ya kuchosha. Snap huundwa mara moja, ikaenda kote. Ubuntu 21.10 ilianza kuiweka kwenye usakinishaji mpya, na ilipofika 22.04, Aprili 2022, deb ya Firefox ikabaki ganda tu: ukitumia apt, amri ya kawaida ya kusakinisha deb, ukaandika `apt install firefox`, unacholetewa ni snap.

Ganda hilo lina namba ya toleo inayostahili kutazamwa vizuri: `1:1snap1-0ubuntu2`. Ile 1 iliyo kabla ya nukta mbili ndiyo yenye nguvu. Mfumo ukilinganisha matoleo huanza na namba hiyo, na deb za zamani hazikuwa nayo, yaani zilihesabiwa sifuri. Kwa hiyo ganda tupu huishinda Firefox 99, huishinda 115, na ingeishinda hata 1000. Kiufundi ni kazi safi, inamhamisha kila mtu bila kumwacha nyuma hata mmoja. Kinachonikera ni kwamba mtumiaji aliomba apt, apt ikaitikia, kisha akapewa kitu ambacho apt haikisimamii. Hapo alistahili kuulizwa.

Gharama yake niliiona kwenye bando. Maabara ina mashine 24, na kwa deb nilikuwa na seva ndogo ya akiba: kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja, mashine zote zinachota hapo. Snap haipiti kwenye akiba ya apt. Kila mashine ilikwenda yenyewe kuvuta zaidi ya megabaiti 200 za Firefox, bado vifurushi vya msingi inavyovitegemea. Saa nne asubuhi bando la wiki lilikuwa limekwisha. Dawa yake ni `snap download firefox` kwenye mashine moja. Utapata mafaili mawili, la snap na la uthibitisho wa sahihi yake. Beba yote mawili kwenye flashi, kisha kila mashine uipe `snap ack` kwa lile la uthibitisho na `snap install` kwa la snap. Vifurushi vya msingi navyo vifanyie hivyohivyo, kabla ya Firefox.

Ule ukuta nao ukatupata. Masomo ya shule yalikuwa kurasa zilizohifadhiwa kwenye folda ya `/opt`, wanafunzi wakizifungua moja kwa moja. Baada ya kuhama hazikufunguka tena, maana snap haiioni `/opt` ya mashine. Hata `/tmp` yake, folda ya faili za muda, ni ya peke yake: faili unaloliona wewe pale, kivinjari kinasema halipo. Niliweka nginx, seva ya kurasa za wavuti, ndani ya kila mashine, masomo yakafunguka kwa anwani ya `localhost`, yaani ya mashine yenyewe.

La kuogopa zaidi ni data ya mtu. Alamisho na nywila zilizokuwa kwenye `~/.mozilla` (alama ya `~` ni folda binafsi ya mtumiaji) hunakiliwa mara ya kwanza snap inapofunguliwa, na kuanzia hapo maisha yanaendelea ndani ya `~/snap/firefox/common/.mozilla`. Ukichoka na snap ukaifuta, folda hiyo inaondoka nayo. Nilimfanyia hivyo mhasibu wa shule, nikaona uso wake ukibadilika alipokuta alamisho za miezi minane hazipo. Tuliokolewa na kitu kimoja: snap ikifutwa bila `--purge`, yaani bila kuamuru data nayo ifutwe kabisa, mfumo huacha nakala, kwa kawaida kwa siku 31. `snap saved` ikanionyesha namba yake, `snap restore` ikairudisha.

Anayetaka kubaki kwenye deb anaweza. Tangu Januari 2024 Mozilla ina ghala lake la apt lenye deb halisi. Ila kuliongeza tu hakutoshi, kwa sababu ya ile 1 na nukta mbili zake. Lazima uandike faili kwenye `/etc/apt/preferences.d/` linalolipa ghala la Mozilla kipaumbele cha 1000, kwani kuanzia namba hiyo apt hukubali hata kushusha toleo. Na kabla ya hapo nakili folda ya wasifu, ile `.mozilla`, kutoka `~/snap`, umtazame mwenyewe mwenye mashine akifungua alamisho zake.

Wanaojiandaa kwa 24.04 wajue kwamba safari hii ni zamu ya Thunderbird, programu ya barua pepe, kwa mbinu ileile ya ganda. Barua za `~/.thunderbird` zinahamia `~/snap/thunderbird/common/.thunderbird`, na kwa mtu mwenye barua za miaka kumi, kunakili huko kunataka nafasi ya diski. Angalia nafasi kwanza, ndipo upandishe.