Donna sio "mrembo" jamani, tuliyozoea kuambiwa na ukweli wenyewe

Binti wa dada yangu anaitwa Donna, na tangu arobaini yake kila mgeni anakuja na maana yake, huyu anasema ni mrembo, yule anasema malkia, kuna shangazi mmoja kashikilia kabisa kwamba ni Donald wa kike. Nalipenda hili jina na historia yake ni tamu kuliko hizo zote, ndo maana naandika.

Dhana: Donna ni "mrembo".
Kwa Kiitaliano donna ni mwanamke, basi. Mzuri ndio bella. Nadhani watu wanachanganya na belladonna, "mwanamke mzuri", ambao ni mmea wenye sumu kali. Ndani yake kuna atropini, inatanua mboni ya jicho, na inasemekana wanawake wa Italia zamani walikuwa wanadondoshea machoni ili waonekane wa kuvutia. Atropini yenyewe mpaka leo madaktari wa macho wanaitumia.

Dhana: basi kama ni "mwanamke" tu, neno halina uzito.
Hapa ndo nataka mtulie. Donna imetoka kwenye Kilatini domina, na domina imetoka kwenye domus, yaani nyumba. Domina alikuwa mama mwenye nyumba, sio wa kudai kodi mwisho wa mwezi hapana, yule mwenye amri ya nyumba nzima, watumwa wakimwita hivyo kama walivyomwita mumewe dominus. Sasa tamka domina harakaharaka mara kadhaa, utaona ile i ya katikati inamezwa, unabaki na domna, halafu m nayo inaifuata n, unapata donna. Ndo safari ileile ya somnus, usingizi, uliokuja kuwa sonno.

Mwanamke wa kawaida Waroma walimwita femina au mulier. Mulier kwa Kiitaliano ikawa moglie, mke wa mtu. Femina ikawa femmina, ambayo leo inatumika hata kwa jike la mnyama. Kwa hiyo wanawake wote wakaja kubeba neno la cheo, na sisi hili tunalijua vizuri, bwana alikuwa mwenye mamlaka ila leo unamwambia mshkaji wako "acha hizo bwana". Cheo hakijafutika chote lakini, kusini mwa Italia mama wa heshima bado anaweza kuitwa Donna Maria.

Na hiyo femina kuna watu waliichafua makusudi. Miaka ya 1480 kilitoka kitabu cha kuwasaka wachawi kikidai neno hilo limeunganishwa na "imani" na "pungufu", eti mwanamke ana imani haba. Uongo mtupu! Mzizi wake ni wa kunyonyesha. Inaniuma kwamba wanawake waliteswa na kuchomwa moto huku vitabu kama hivyo vikisomwa kama elimu.

Dhana: ni Donald wa kike.
Hapana shangazi. Donald ni Kigaeli cha Scotland, Domhnall, mtawala wa dunia, ukoo mwingine kabisa. Tena Waitaliano wenyewe hawana desturi ya kumpa mtoto jina Donna, lilivuma Marekani miaka ya 1950 na 1960.

Dhana: Kijapani nao wamekopa, maana mwanamke wanamwita onna.
Imetokea tu kufanana, onna ilianza kama womina hukohuko Japani. Na nonna, bibi kwa Kiitaliano, haihusiani pia, hiyo imetokana na sauti za watoto wadogo.

Dhana: Madonna ni jina la jukwaani.
Yule mwanamuziki kazaliwa 1958 akaitwa hivyo, na mama yake pia aliitwa Madonna. Maana yake "bibi yangu", bibi wa heshima sio nyanya, Waitaliano wanamwita hivyo Bikira Maria.

Dhana: haya ni ya Wazungu, sisi hayatuhusu.
Domina huyohuyo kwa Kifaransa akawa dame, ukiweka "yangu" mbele unapata madame, Waingereza wakachukua madam, ikafika mpaka kwetu. Dame, yaani msichana, anayeitwa hivyo mtaani Nairobi ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo darasa la tatu likisimama asubuhi na kuitika "shikamoo madam", hiyo madam na Madonna ni neno moja, na yule mwalimu mwenye chaki mkononi kashaitwa mwenye nyumba.