Je, wajua kwa nini urukususu hupandisha presha?

Urukususu ni ule mzizi wa manjano kwa ndani, wenye utamu mzito unaobaki ulimini, ambao watu huutafuna au kuuchemsha wakikohoa. Jina limetoka Kiarabu, na ile "uruku" ya mwanzoni ndiyo "irq", yaani mzizi. Misri wanatengeneza sharubati yake, hasa Ramadhani. Kipande kimoja cha kutuliza koo kwa kawaida hakina neno. Lakini mtu akiula kwa wingi kila siku, wiki baada ya wiki, miguu yaweza kuvimba, presha ikapanda, na potasiamu ikashuka mwilini hadi misuli ikalegea na mapigo ya moyo yakaenda mrama. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts General Hospital, Marekani, waliandika kisa cha mwanamume wa miaka 54 aliyefariki baada ya kula mfuko mmoja na nusu wa peremende nyeusi za urukususu kila siku kwa wiki chache.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa na jibu langu, na nilikuwa nikiwapa wenzangu kwa uhakika kabisa. Tezi ndogo zilizokaa juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni, inayoiamuru figo izuie chumvi na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na presha hupanda. Basi nikasema: bila shaka mzizi huu una kitu kinachofanana na aldosteroni, kinakwenda kukaa mahali pake. Ni jibu linaloingia akilini. Hata watafiti wa mwanzo walielekea huko. Lakini si sahihi, na kosa lake linafundisha mengi kuhusu homoni kuliko jibu lenyewe.

Tuanze na kisa. Mwaka 1946 daktari Mholanzi aitwaye Revers alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa vidonda vya tumbo kwa dawa iliyotokana na urukususu. Vidonda vilipata nafuu, ila takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alivimba uso na miguu. Wenzake wa Amsterdam, akiwamo profesa Borst, wakalifuatilia jambo hilo, wakapata wazo zuri sana: kuwapa urukususu watu ambao tezi zao za juu ya figo zimekufa. Kama mzizi unaigiza homoni, ungepaswa kuwafaa watu hao kuliko wote, maana wao ndio waliopungukiwa. Haukuwafaa. Ulianza kufanya kazi pale tu walipopewa kotisoni, dawa ambayo ini huigeuza kuwa homoni iitwayo kotisoli. Hiyo ilikuwa mwaka 1953. Urukususu, kumbe, haufanyi kazi peke yake. Unahitaji kotisoli iwepo.

Kotisoli nayo hutoka kwenye tezi zilezile. Ni homoni steroidi kama aldosteroni, estrojeni na testosteroni. Zote hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Kwa kuwa zina asili ya mafuta, hupenya utando wa seli na kukutana ndani na vipokezi vyao, yaani protini zinazozishika, kisha kipokezi kilichoshika homoni hukaa juu ya DNA na kuwasha au kuzima jeni. Ndiyo maana athari zake nyingi huchukua saa, si sekunde.

Vitabu vya shule hutufundisha kwamba kila homoni ni ufunguo na kila kipokezi ni kufuli lake. Niliamini hivyo bila kuuliza zaidi. Mwaka 1987 maabara ya Ronald Evans huko California ilifanikiwa kuitenga jeni ya kipokezi cha aldosteroni cha binadamu. Kipokezi chenyewe kilipopimwa, ikaonekana kwamba kotisoli inakikamata sawasawa na aldosteroni. Kufuli moja, funguo mbili, na zote zinafungua.

Hapo ndipo penye fumbo. Kwenye damu, kotisoli huwa karibu mara 1,000 ya aldosteroni. Hata ukiondoa ile iliyobebwa na protini, iliyo huru inabaki kama mara 100. Fikiria nyumba yenye mlango mmoja. Mwenye nyumba ana ufunguo wake, na nje wamesimama watu 100, kila mmoja ana ufunguo unaofungua kufuli hilohilo. Mwenye nyumba atawahi lini kufika mlangoni? Kwa hesabu hiyo figo zetu zingekuwa zinazuia chumvi usiku na mchana, na aldosteroni isingekuwa na kazi yoyote.

Kinachoiokoa figo ni mlinzi aliyesimama ndani ya seli, karibu na kufuli. Mlinzi huyu ni kimeng'enya, na mkononi ana tupa. Kotisoli ikiingia, anashika ufunguo wake na kusugua jino moja tu. Ufunguo bado unaonekana vilevile, lakini haufungui tena. Sasa unaitwa kotisoni. Ufunguo wa aldosteroni umeundwa kwa namna ambayo tupa hailipati lile jino, basi unapita salama. Kwa hiyo uteuzi ambao mimi nilidhani uko kwenye kufuli, uko kwa mlinzi. Mwaka 1988 watafiti wa Melbourne na wa Edinburgh walitangaza jambo hili, kila kundi kwa njia yake.

Na urukususu? Kiini chake kitamu, glisirizini, huvunjwa na bakteria wa matumbo kuwa asidi ambayo humfunga mlinzi mikono. Tupa ikitulia, kotisoli yako mwenyewe, ya kiasi cha kawaida kabisa, inamiminika mlangoni. Maabarani asidi hiyo imeonekana kugusa kipokezi chenyewe pia, lakini kwa udhaifu mno. Sehemu kubwa ya kazi ni ya kotisoli. Ukimpima mgonjwa damu, aldosteroni iko chini, kotisoli ni ya kawaida, ilhali mwili una dalili zote za mtu aliyezidiwa na aldosteroni. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na mlinzi aliyeharibika kutokana na jeni. Presha yao hupanda tangu utotoni ingawa hawajaonja urukususu, na spironolaktoni, dawa inayokiziba kipokezi, huwasaidia.

Jambo moja bado linajadiliwa. Kwenye misuli ya moyo na sehemu kubwa ya ubongo kuna kufuli hizohizo bila mlinzi wa kutosha, kwa hiyo muda mwingi zimeshikwa na kotisoli, wala madhara hayaonekani kama ya kwenye figo. Spironolaktoni imeonyeshwa kurefusha maisha ya wagonjwa wenye moyo ulioshindwa vibaya, lakini watafiti hawajakubaliana ni homoni ipi hasa inayozuiwa pale.

Kuhusu kiasi, kamati ya kisayansi ya Ulaya ilipendekeza glisirizini isizidi miligramu 100 kwa siku. Tatizo ni kwamba mzizi wa dukani hauna lebo, nguvu yake hutofautiana, na miili nayo hutofautiana. Mwenye presha, mjamzito, au anayetumia vidonge vya kuongeza mkojo (vingi navyo hupunguza potasiamu) amweleze daktari kabla ya kuugeuza kinywaji cha kila siku. Athari zikishajitokeza, kuacha leo hakuzimalizi kesho: mlinzi huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi kurudi kazini, na aldosteroni iliyokuwa imezimwa yaweza kuchelewa kuamka kwa miezi.