Mbona hamzioshi hizo glasi?

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja aliyekuja na wajukuu wake watatu, Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekolea. Alikuwa amesimama mbele ya kabati letu la vyombo vya mezani vya zamani, akielekeza kidole kwenye dekanta, ile chupa ya kumiminia mvinyo yenye kizibo cha kioo. Yetu imepauka kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Mwanangu, kweli mmekosa hata maji moto na sabuni? Mimi chemni ya kandili nilikuwa naisugua kwa jivu na gazeti, inang'aa usiseme."

Nilicheka, ila lawama hiyo huipata mara kwa mara, na jibu langu huwa refu kuliko subira ya anayeuliza. Kazi yangu ni uhifadhi wa vyombo vya nyumbani katika makumbusho hapa mjini. Mbao naielewa, shaba naivumilia, lakini glasi ndizo ninazozipenda na ndizo zinazoninyima usingizi.

Kwanza ujue kwamba ukungu wa glasi si mmoja. Kuna ule wa uchafu: vumbi, mafuta ya vidole, masizi ya taa na jiko. Huo unaoshwa. Kuna ule wa maji, mistari na duara nyeupe ndani ya chupa iliyoachwa na kimiminika miezi mingi. Hayo ni madini yaliyoganda, na mara nyingi siki kidogo huyalegeza. Wa tatu ndio alioonyesha yule mama. Huo hauko juu ya glasi. Ni glasi yenyewe inayooza.

Najua neno "kuoza" linachekesha likitajwa kwa kioo, kwa hiyo twende jikoni. Glasi ya kawaida huanza na mchanga wa silika. Mchanga peke yake unahitaji joto la karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi ndipo uyeyuke, moto ambao mafundi wa zamani hawakuwa na njia ya kuufikia. Wakagundua kwamba ukitia magadi, joto linalohitajika linashuka sana. Ndiyo, magadi; jamaa ya yale unayotia kwenye maharagwe yalainike. Magadi ya Ziwa Magadi, kusini-magharibi ya Nairobi, yamekuwa yakisafirishwa kwa miaka mingi kwenda viwanda vya glasi. Tawi la reli la kwenda huko lilikamilika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mzigo wake mkuu ulikuwa huohuo.

Shida ni kwamba mchanga na magadi peke yake hutoa kioo kinachoyeyuka ndani ya maji. Lazima uongeze cha tatu, chokaa, ili kukaza mchanganyiko. Fundi aliyepunja chokaa, au aliyesafisha malighafi yake kupita kiasi akaiondoa bila kujua, alipata chombo kizuri ajabu siku ya kwanza. Ubaya wake ulijitokeza baadaye, pengine baada ya miaka, pengine baada ya vizazi.

Unyevu wa hewani ndio unaoanza kazi. Unaivuta ile sodiamu iliyomo kwenye magadi (au potasiamu, kama fundi alitumia majivu badala yake) kutoka ndani ya glasi hadi usoni. Glasi inakuwa na utelezi, inatoa vitone vidogo kama jasho. Sisi husema inalia. Vitone hivyo ni vikali, vina tabia ya magadi, na visipoondolewa vinaila silika iliyobaki. Halafu hewa ikikauka ghafla, ngozi ile ya juu iliyonyonywa inasinyaa na kupasuka nyufa nyembamba zisizohesabika, mithili ya tope la bwawa lililokauka kiangazi. Mwisho inabanduka magamba. Hakuna sabuni ya kurudisha kilichotoka. Na ukiisugua kwa jivu, mama yangu, utaondoka na ngozi nzima.

Hata waliosifika walipatwa na balaa hili. George Ravenscroft wa London alipata hati ya kifalme mwaka 1674 ya kutengeneza glasi iliyofanana na kristali, na vyombo vyake vya mwanzo vikaanza kupata nyufa hizo mikononi mwa wateja. Akaongeza oksidi ya risasi kwenye mchanganyiko, na mwaka 1676 ikatangazwa kwamba tatizo limekwisha. Akaanza kugonga muhuri wa kichwa cha kunguru kwenye kazi yake, kama dhamana. Kinachonifurahisha, kwa furaha mbaya kidogo, ni kwamba baadhi ya vile vyenye muhuri wa kunguru navyo viliugua.

Kwa hiyo sisi tunafanya nini na dekanta yetu? Tunailinda hewa yake. Glasi mgonjwa hupenda unyevu wa karibu asilimia 40, usiopanda wala kushuka ovyo. Nairobi haina desturi ya kutulia hivyo. Asubuhi ya Julai ina ukungu na manyunyu, adhuhuri ya Februari inakausha hadi midomo. Nimeweka kipimo cha unyevu ndani ya kabati, na chini ya rafu kuna trei za jeli ya silika, zile chembe unazokuta kwenye vifuko vidogo ndani ya boksi la viatu vipya. Silika inalinda silika. Kabati lenyewe nililibadilisha: la zamani lilikuwa la mbao nzito, zuri la kutazama, lakini mbao hutoa mvuke wa asidi taratibu, na mvuke huo ukikutana na sodiamu kwenye uso wa glasi unaacha chumvi nyeupe. Wenzangu waliomboleza kabati lile. Mimi sikulia.

Glovu za pamba pia nilizitupa. Watu wanadhani glovu nyeupe ndizo heshima ya makumbusho, kumbe pamba inateleza juu ya kioo. Mwaka wangu wa pili kazini niliiangusha bilauri kwa sababu hiyo, na mpaka leo nausikia ule mlio. Siku hizi natumia za mpira mwembamba, kama za muuguzi, na meza yangu imetandikwa taulo. Bilauri ile niliiunganisha kwa gundi ya epoksi inayopitisha mwanga karibu sawa na kioo, ili mstari usionekane sana. Unaonekana. (Neno bilauri, kwa njia, limetujia kutoka Kiarabu na maana yake ni kristali. Nyingi tulizonazo ni kioo cha kawaida tu kilichojipa jina la kifalme.)

Mama alisikiliza yote hayo, wajukuu wameshachoka, kisha akaniuliza swali lenye maana kuliko la kwanza: nyumbani ana glasi sita za harusi yake, zimefungwa kwa magazeti ndani ya sanduku la bati, nazo zimefifia. Je, zinaugua?

Nikamwambia alete moja.

Alirudi baada ya wiki mbili, glasi imeviringishwa kwenye leso. Huwa naanza na kidole wala siyo jicho. Geuza chombo, papasa kitako. Kama katikati kuna kovu lenye ncha, au duara lililosuguliwa laini, hicho ni kitovu chake: fundi aliyekipuliza alikishika hapo kwa fimbo ya chuma akimalizia mdomo, kisha akakikata. Halafu tafuta mshono ubavuni. Kwenye chupa, mshono wa kalibu ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda mpaka ukingoni kabisa, hiyo ni kazi ya mashine, na mashine ya Michael Owens iliyofanya chupa zenyewe kwa zenyewe ilianza Marekani mwaka 1903. Glasi ya mama haikuwa na kitovu. Ilikuwa na mishono mitatu, na nakshi za almasi zenye kingo za mviringo. Nakshi iliyochongwa kwa gurudumu hukwaruza kidole. Hii ilikuwa laini kwa sababu kioo kiliminywa ndani ya kalibu. Glasi ya kiwandani, ya bei ya watu.

Nikaimulika kwa taa ya urujuanimno, ile inayotumika kukagua noti bandia. Haikung'aa kijani, kwa hiyo hamna urani, madini ya mionzi ambayo zamani yalitiwa kwenye kioo kukipa rangi. Tunalo bakuli moja la njano lenye urani kwenye mkusanyo, na likimulikwa gizani watoto wanapiga kelele. Hapana, halitakudhuru kwa kulitazama.

Habari njema ni kwamba hizi za kiwandani za karne ya 20 kwa kawaida zina chokaa ya kutosha. Haziugui ovyo. Ukungu wa glasi ya mama ulikuwa unyevu wa sanduku, wino wa gazeti na madini ya maji. Niliiosha mbele yake: beseni la plastiki lenye taulo chini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni isiyo kali, siki kidogo kwenye ile duara nyeupe, kisha kusuuza na kukausha kwa kitambaa laini. Si maji moto. Kioo baridi kikikutana na joto la ghafla, upande mmoja unatanuka kabla ya mwingine, na unasikia tu "ta!". Dakika kumi, ikatakata. Kitakoni ilibaki mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, ishara ya miaka ya kusukumwa mezani. Kwangu mikwaruzo hiyo ni bora kuliko cheti. Chombo bandia kilichozeeshwa kwa msasa huwa na mistari iliyonyooka upande mmoja.

Nikakiri mbele yake kwamba kabati letu lina upungufu mkubwa. Tunazo dekanta za walioandaliwa meza, lakini glasi za nyumba kama yake karibu hatuna. Hakuna aliyefikiria kuzikusanya zilipokuwa kila mahali, na sasa zinavunjika moja moja kwenye makarai ya kuoshea vyombo. Nikajikaza, nikamwomba atuachie hiyo moja.

Akaifunga ndani ya leso, akaifunga tena.

"Nikuachie ukae nayo bila kuiosha?"

Akawaita wajukuu, wakashuka ngazi.