Jua la utosini na mwezi wa mchana: dhana potofu zinazoishi visiwani

"Joto la Januari ni kwa sababu dunia imelikaribia jua." Dhana hii nusu yake ni kweli, ndiyo maana haing'oki. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, kiasi cha kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, milioni 152. Lakini kama hiyo ndiyo ingekuwa sababu, Ulaya nako wangetoka jasho Januari, na wao wakati huo wanatetemeka. Sababu yenyewe ni mhimili wa dunia, ulioinama nyuzi 23 na nusu. Msimu wa kaskazi, upande wa kusini wa dunia ndio ulioinamia jua, na Unguja imo upande huo, nyuzi 6 kusini ya ikweta.

Hapo huzuka dhana nyingine: kwamba kwa vile tuko jirani na ikweta, jua hutukaa utosini kila mchana. Sivyo. Mjini Unguja hupita utosini hasa mara mbili tu kwa mwaka, kiasi cha tarehe 4 au 5 Machi na kiasi cha tarehe 9 Oktoba. Pemba, iliyo kaskazini zaidi, Machi hungoja siku mbili hivi baada yetu, na Oktoba hututangulia. Siku hizo kijiti kilichosimama wima hakina kivuli jua linapofika kati. Natamani kila mwalimu wa jiografia awatoe watoto uwanjani waone, maana picha nyingi za vitabuni zimechorwa kwa macho ya watu wa nchi za baridi.

Anayeswali uani ana ushahidi mkubwa zaidi. Kibla chetu kiko karibu kaskazini moja kwa moja. Disemba, jua linapopinduka tu na adhuhuri ikaingia, kivuli chako kiko mbele, upande wa kibla. Juni kiko nyuma yako. Jua limehama kutoka kusini yetu hadi kaskazini yetu, na ardhi ya uani ndiyo iliyoandika hivyo.

Kuhusu mwezi, wengi huamini kwamba hupungua kwa kufunikwa na kivuli cha dunia. Hili hujibiwa asubuhi moja tu. Wiki moja baada ya mwezi mpevu, toka nje saa tatu asubuhi utazame magharibi: nusu mwezi iko juu, na jua liko mashariki, vyote viwili mbinguni kwa pamoja. Kivuli cha dunia daima huelekea kinyume cha jua, kwa hiyo wakati huo kimezama chini ya upeo wa macho na hakiwezi kuugusa mwezi ule. Ukweli ni kwamba nusu ya mwezi humulikwa na jua wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo inayotuelekea sisi. Kivuli huufikia mwezi siku ya kupatwa tu, kama usiku wa 7 Septemba 2025 ulipogeuka mwekundu. Hiyo hutokea mwezi ukiwa mpevu, tena si kila mwezi, kwa sababu njia yake imeinama nyuzi 5 hivi kulinganisha na njia ya dunia.

Wapo pia wasemao bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, huja na mwezi mpevu peke yake. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, na wanaochokoa pweza, hawadanganyiki: mwezi mwandamo nao una bamvua lake. Mwezi usioonekana unavuta bahari vilevile. Mara zote mbili jua, dunia na mwezi vimekaa karibu mstari mmoja, na mvuto wa jua wa kuinua maji, ambao hauzidi nusu ya ule wa mwezi, huongezeka juu yake. Nusu mwezi ikifika, mivuto hiyo hupingana na tunapata maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Bahari huchelewa kidogo, ndiyo maana maji makubwa kabisa huja siku moja au mbili baadaye.

Na Zuhura: nyota ya alfajiri na nyota ya jioni si mbili. Ni sayari moja, isiyo na mwanga wake yenyewe, inayolizunguka jua ndani ya njia yetu. Kwa hiyo haiendi mbali na jua, na usiku wa manane haionekani utosini. Kinachong'aa huko juu saa hizo huweza kuwa Mshtarii, sayari nyingine.