Mita nzima, nyaya mbovu: dhana potofu kuhusu nyaya na ncha za mita ndogo za umeme

Simama kwenye duka la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya, uangalie watu wanavyonunua mita ya mfukoni. Wanaiwasha, wanazungusha swichi, wanauliza kama ina taa na kama inapima joto. Nyaya zinabaki zimefungwa kwenye kifuko chake cha nailoni mpaka mnunuzi afike kwake. Baadaye mita ikianza kutoa namba za ajabu, lawama zote inabeba mita, wakati mara nyingi yenyewe haina kosa lolote.

"Imeandikwa CAT III 1000V, basi ni salama."

Hii ndiyo dhana yenye hatari kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. CAT, yaani daraja la upimaji, haikuambii mita ni bora kiasi gani. Inakuambia sehemu ipi ya mfumo wa umeme unaruhusiwa kuigusa. CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni boksi la breka na mota zilizofungwa moja kwa moja, kama ile ya mashine ya kusaga. CAT IV ni kuanzia nguzo hadi mita ya LUKU. Tofauti hailetwi na volti 230 za kila siku, inaletwa na volti za ghafla zinazopita kwenye laini radi inapopiga karibu au mzigo mkubwa unapozimwa. Na radi za masika huku Nyanda za Juu Kusini tunazijua. Kifaa cha CAT II 600V hujaribiwa kwa msukumo wa volti 4,000. Cha CAT III 600V, volti 6,000.

Sasa, nyaya zina kiwango chake cha kimataifa, IEC 61010-031, mbali na kile cha mita. Ukichomeka nyaya za CAT II kwenye mita ya CAT III, ulichoshika mkononi ni CAT II. Maandishi nayo hayatoshi, maana mwenye kiwanda chochote anaweza kuyachapa kwenye plastiki. Tazama umbo. Kwa CAT III na IV, chuma kilicho wazi kwenye ncha hakitakiwi kuzidi milimita 4. Kwa CAT II inaruhusiwa hadi milimita 19. Kishikio kiwe na ukingo wa kuzuia vidole visiteleze kuelekea kwenye ncha. Plagi inayoingia kwenye mita iwe imevikwa plastiki pande zote, isije ikachomoka nusu ukagusa chuma chenye umeme. Ukikuta ncha iliyo wazi sentimita mbili na imeandikwa CAT III, uongo huo unapimika kwa rula.

Kwa nini milimita 4? Ndani ya boksi la fezi tatu, baa za shaba zimekaa jirani, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Ncha ndefu ikiteleza inazigusa zote mbili kwa pamoja. Shoti ya mahali pale si ya cheche tu; ni moto mweupe unaoyeyusha shaba mbele ya uso wako.

Nyaya nzuri huja na vifuniko vidogo vya ncha, na hivyo ndivyo vya kwanza kutupwa. Sababu naielewa: vikiwepo, ncha haifiki ndani ya soketi zetu za pini tatu bapa. Lakini ndivyo vilivyokusudiwa. Vua unapopima soketi, rudisha unapofungua boksi la breka.

"Ikipiga mlio, waya ni mzima."

Ukiiweka kwenye alama ya mlio, mita nyingi hulia kwa ukinzani wowote ulio chini ya omu 30 au 50 hivi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba ndani ya mpira utalia vizuri kabisa. Ugonjwa huu huanzia karibu kila mara sehemu zile zile: pale waya unapoingia kwenye kishikio na pale unapoingia kwenye plagi, hasa kwa wale wanaozungushia nyaya kwenye mita na kukaza kabla ya kuitia mfukoni.

Kipimo chake hakihitaji kifaa kingine. Weka mita kwenye omu, kiwango cha chini kabisa, gusanisha ncha mbili, kandamiza. Nyaya nzuri husoma omu 0.1 hadi 0.3. Ukiwa umeshikilia hapo, pinda waya taratibu kwenye kila mwisho. Namba ikirukaruka, uzi umekatika ndani ingawa nje unang'aa. Waya wa namna hiyo una siku utakapokusomea sifuri kwenye laini yenye umeme, nawe ukaweka mkono. Ndiyo maana mafundi makini hupima kwanza mahali wanapojua pana umeme, halafu pale wanapotaka kufanyia kazi, halafu wanarudi tena pale pa mwanzo.

"Nyaya nene hupima vizuri zaidi."

Inategemea unapima nini. Kwenye volti, unene hauna maana yoyote: mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10, hivyo omu moja ya waya haionekani kabisa. Kwenye omu ndogo, hapo ndipo waya unapodanganya. Koili ya mota yenye omu 1.5, ukiipima kwa nyaya zenye omu 0.6, itasoma 2.1. Soma kwanza ncha zikiwa zimegusana, kisha toa.

Kwenye ampea ndiko kuna hasara kubwa. Nyumba nyingi za vijijini Makete na Ludewa zinatumia sola ya volti 12. Ukipitisha ampea 10 kwenye nyaya za omu 0.3, unapoteza volti 3 njiani, na wati 30 zinageuka joto ndani ya mpira mkononi mwako. Ukiondoa volti 3 kwenye 12, hicho unachosoma si tena mkondo uliokuwa unapita kabla hujachomeka mita. Kwa kazi hiyo tafuta mita ya kubana waya, inayopima mkondo wa moja kwa moja (DC).

"Waya laini wa silikoni ni mbwembwe."

Anayesema hivyo huenda anafanya kazi Kyela, kwenye joto. Njombe mwezi wa Julai, asubuhi, waya wa PVC unakakamaa, na ukivuta ncha, mita nzima inakufuata na kuanguka chini. Silikoni inabaki laini kwenye baridi, na haiyeyuki hata ikiguswa na pasi ya kuchomelea risasi. Udhaifu wake ni makali: ukingo wa bati unaichana kirahisi. Baadhi zina tabaka mbili, ya ndani nyeupe. Ukiona nyeupe inachungulia, nyaya hizo zimemaliza kazi, na utepe wa umeme si tiba.

"Mita ikifanya kazi Dar, itafanya kazi popote."

Fungua kitabu cha maelekezo ambacho hakuna anayekisoma. Mara nyingi utakuta kimeandikwa: mwisho mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Iringa na jiji la Mbeya viko chini ya hapo. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Hewa ikiwa nyepesi, uwezo wake wa kuzuia umeme usiruke pengo unapungua, ndiyo maana viwango vinadai mapengo ya hewa yaongezwe kwa asilimia 14 kati ya mita 2,000 na 3,000. Mita yako haitakufa ukipima soketi kule juu. Ila ile akiba ya usalama imepungua, kwa hiyo anayefanya kazi kwenye maboksi ya fezi tatu huko achukue mita na nyaya za daraja la juu kuliko ambalo angechukua bondeni.

"Nyekundu ni chanya siku zote."

Kwenye mita za dijitali, sawa. Kwenye mita nyingi za mshale, ukiweka omu, chanya ya betri ya ndani inatokea kwenye waya mweusi. Fundi redio akisahau hilo, ataisoma dayodi kinyume na kuitupa ilhali haina kosa.

Ncha za dhahabu? Dhahabu haishiki kutu, basi. Inasaidia kwenye vipimo vidogo sana.

"Mita ya mfukoni yenye nyaya zisizochomoka ni ya watoto."

Hapa mimi niko upande wa mita hiyo. Ajali ya kawaida kabisa ya multimita ni waya kusahaulika kwenye tundu la ampea 10, kisha ncha zikapelekwa kwenye soketi: njia hiyo haina ukinzani wa maana, ni shoti kamili, na kwenye mita nyingi za bei rahisi tundu hilo halina fyuzi. Ambapo waya hauchomoki na hakuna tundu la ampea, kosa hilo halina pa kutokea. Ubaya wake ni siku waya unapokatika: lazima ufungue mita na kuchomelea waya mpya, ukiupitisha kwenye mpira ule ule wa kuzuia usivutwe. Kuunga katikati ya waya haikubaliki, hata ukizungusha utepe mara ngapi.