"Nafasi ya pili" si "baada ya neno la kwanza"

Klitiki ni neno dogo lisilo na mkazo wake lenyewe, hivyo huegemea neno la jirani. Kipashto, lugha ya Afghanistan na Pakistan, kinazo kadhaa za nafasi ya pili, yaani zinazokaa katika nafasi ya pili ya sentensi: me (mimi), de (wewe), ye (yeye), ba ya wakati ujao, na nyinginezo. Hapo hakuna ubishi. Tatizo ni hiyo "ya pili": watu huihesabu kwa maneno, kisha wakafundisha kwamba me huja baada ya neno la kwanza.

Chukua "nilimwona yule msichana mrefu leo". Kirai (kundi la maneno yanayokwenda pamoja) chote cha "yule msichana mrefu" hutangulia, ndipo me ifuate. Hata ukikirefusha kwa vivumishi vitatu vyenye mkazo, haipenyi ndani. Hiyo ni kazi ya sintaksia, yaani muundo wa sentensi. Sasa dondosha kirai hicho, jambo ambalo Kipashto huliruhusu, uanze na nən (leo): nən me wəlida. Dondosha na nən pia, kibaki kitenzi peke yake: wə́ me lida, "nilimwona". Klitiki imekipasua kitenzi!

Kinachoamua hapo ni mkazo. Təxnawə́la me ni "nilikuwa nikimtekenya": mkazo uko kuelekea mwisho wa kitenzi, me inasubiri mwisho. Wə́ me təxnawəla ni "nilimtekenya": mkazo umehamia kwenye wə́, na me imeufuata.

Wapo wanaojibu kwamba wə ni kiambishi cha hali timilifu (huonyesha tendo lililokamilika), kwa hiyo bado ni sintaksia. Kitenzi axistəl, "kununua", kinawakatalia. Mwanaisimu Habibullah Tegey alionyesha mwaka 1977 kwamba "nilikuwa nikivinunua" husemwa axistə́lə me au á me xistələ. Ile a haina maana yoyote hapo. Imebeba mkazo tu, na hiyo inatosha.

Kwetu jambo hili halionekani upesi kwa sababu mkazo wa Kiswahili umetulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha machache kama barábara (sawasawa) dhidi ya barabára (njia). Hatujazoea mkazo uamue neno likae wapi.

Kwa hiyo, badala ya "baada ya neno la kwanza", ni afadhali tuseme: baada ya kirai kizima cha kwanza chenye mkazo; kisipokuwepo kirai kama hicho kabla ya kitenzi, basi baada ya sehemu ya kwanza ya kitenzi yenye mkazo.